Daktari Asiyeandika Dawa: Safari ya Shahada ya Uzamifu Katika Sayansi ya Mazingira

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kusoma juu ya homa, shinikizo la damu, kisukari na lishe ya watoto. Wiki hii tunajibu swali la aina nyingine, lakini msomaji ataona kwamba halitoki nje ya mambo ya afya.

Mzazi mmoja wa Takaba, Mandera Magharibi, anasema binti yake amemaliza shahada ya uzamili katika sayansi ya mazingira na sasa anataka kuendelea mpaka aitwe daktari. Mzazi huyo anauliza mambo matatu. Je, binti yake atakuwa akitibu watu? Masomo hayo yatachukua miaka mingapi na yanadai nini? Na je, watu wa kwao watapata faida gani, ikiwa itabidi mifugo iuzwe ili kumlipia karo?

Maswali hayo ni ya haki, na wazazi wengi wa mjini na mashambani wanayo.

MADAKTARI WA AINA MBILI

Neno "daktari" limetokana na Kilatini na maana yake ya asili ni mwalimu. Daktari wa hospitali ni mtu aliyesomea udaktari wa tiba, akafanya mazoezi ya kazi hospitalini na kupewa leseni ya kutibu. Daktari wa shahada ya uzamifu ni mtu aliyefanya utafiti wake mwenyewe na kuongeza jambo jipya katika elimu ya fani yake. Anaweza kuwa daktari wa historia, wa lugha, wa uchumi au wa mazingira. Huyu haandiki dawa wala hapimi mgonjwa.

Hata hivyo kazi za hawa wawili hukutana. Sisi wa hospitali humngoja mgonjwa aje. Mtaalamu wa mazingira hutafuta kule ugonjwa unakotoka: katika maji, udongo, hewa, wadudu na mvua.

Tuchukue mfano wa homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutokana na kondoo waliokufa karibu na Ziwa Naivasha. Baada ya mvua kubwa za El Niño, ulizuka kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998. Ilikadiriwa kuwa watu wapatao 89,000 waliambukizwa katika eneo hilo, na kati yao 27,500 walikuwa katika Garissa pekee. Mamia walifariki, na wafugaji walipoteza mbuzi, kondoo na ngamia wengi.

Waliochunguza mazingira walieleza kwa nini. Virusi hivyo huweza kukaa ndani ya mayai ya mbu katika ardhi kavu kwa miaka. Mafuriko yanapojaza mabonde madogo ya nchi kame, mayai huanguliwa na mbu hutoka tayari wakiwa na virusi. Kwa kufuatilia joto la bahari, mvua na rangi ya majani kwa kutumia setilaiti, wanasayansi, akiwemo Assaf Anyamba na wenzake, waliweza kutoa tahadhari mwaka 2006 wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kuonekana Garissa mwezi wa Desemba. Hata baada ya tahadhari hiyo, watu zaidi ya 150 walikufa nchini Kenya. Ni dhahiri kwamba kujua mapema hakutoshi ikiwa matayarisho hayakufanywa. Lakini bila elimu hiyo hata tahadhari yenyewe isingekuwapo.

Mfano wa pili ni kalaazari, ugonjwa unaovimbisha wengu, kumkondesha mgonjwa na kumletea homa isiyokwisha. Usipotibiwa, huua karibu kila anayeugua. Mwaka 2000 na 2001 ulizuka Wajir na Mandera na ng'ambo ya mipaka ya Ethiopia na Somalia. Huenezwa na mdudu mdogo kuliko mbu ambaye hujificha katika nyufa za vichuguu. Mimi naweza kumchoma mgonjwa sindano za siku 17 akapona. Lakini vichuguu vipi vina wadudu hao, msimu gani wanazidi, na boma lijengwe umbali gani kutoka hapo, hayo ni maswali ya mtaalamu wa mazingira.

KABLA YA KUANZA

Sharti la kwanza ni shahada ya uzamili katika sayansi ya mazingira au fani iliyo karibu nayo, kama vile jiografia, biolojia, kemia, afya ya umma au usimamizi wa maji. Vyuo vikuu vya Nairobi, Kenyatta, Moi na Egerton ni baadhi ya vile vinavyofunza fani za mazingira katika ngazi za juu. Mwenye shahada ya nje ya nchi hutakiwa kwanza itambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mzazi aulize pia kama chuo chenyewe kimeidhinishwa na tume hiyo kutoa shahada ya uzamifu katika fani hiyo, kwani chuo huweza kuwa halali lakini kozi fulani ikawa haijaidhinishwa.

Pamoja na vyeti, mwombaji huandika maelezo mafupi ya utafiti anaokusudia kufanya. Hapa ndipo wengi hujikwaa mapema. Huandika "Nitachunguza mabadiliko ya hali ya hewa Kaskazini Mashariki." Hiyo ni kazi ya watu mia kwa miaka hamsini. Uzamifu hudai swali moja linaloweza kujibiwa na mtu mmoja kwa miaka michache.

Tuseme binti huyu anajali maji. Takaba haina mto wa kudumu, kwa maana mto Daua uko mbali mpakani. Watu wengi hutegemea visima virefu na silanga zinazokinga maji ya mvua, ambako watu na mifugo mara nyingi hunywa pamoja. Swali lake laweza kuwa hili: je, silanga iliyozungushiwa ua, yenye hori la mifugo nje ya ua huo, ina vijidudu vya kinyesi vichache kuliko silanga iliyo wazi, na je, tofauti hiyo hubaki ile ile wakati wa mvua na wakati wa ukame? Swali hili ni dogo, linapimika, na jibu lake laweza kumwambia mhandisi wa kaunti afanye nini kesho.

MSIMAMIZI NA PENDEKEZO

Mwanafunzi wa uzamifu hakai darasani kama wa shahada ya kwanza. Vyuo vingine huanza na masomo ya mwaka mmoja, hasa ya takwimu na mbinu za utafiti; vingine humwingiza moja kwa moja katika utafiti. Kwa vyovyote vile huwa chini ya wasimamizi, kwa kawaida wawili au zaidi.

Kuchagua msimamizi ni jambo la kufikiriwa sana. Jina kubwa halitoshi. Mwanafunzi aulize: ana wanafunzi wangapi sasa? Wale waliotangulia walimaliza? Husoma kazi na kuirudisha kwa muda gani? Afadhali msimamizi asiyejulikana sana anayesoma sura kwa wiki tatu kuliko mashuhuri anayekaa nayo mwaka mzima.

Chini ya wasimamizi hao mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti. Hueleza swali lake, wengine wamegundua nini, atapima nini na wapi, sampuli ngapi, atachambua vipi takwimu na gharama ni kiasi gani. Pendekezo hutetewa mbele ya walimu wa idara, kisha hupita katika kitivo na katika bodi ya masomo ya uzamili. Kurudishwa ili kurekebisha ni jambo la kawaida na si aibu.

VIBALI NA HAKI ZA WATU

Baada ya pendekezo kukubaliwa, mwanafunzi haendi uwanjani mara moja. Kwanza hutafuta idhini ya kamati ya maadili ya utafiti. Kama atauliza akina mama iwapo watoto wao waliharisha wiki iliyopita, basi anagusa siri za nyumba za watu. Kamati itataka kujua jinsi atakavyoomba ridhaa yao, kama karatasi ya ridhaa imetafsiriwa kwa lugha wanayoielewa, na majina yatahifadhiwa vipi. Mtu ana haki ya kukataa, na ana haki ya kujitoa katikati bila kunyimwa huduma yoyote.

Kisha huomba leseni ya utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, ijulikanayo kama NACOSTI, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Akifika katika kaunti hutarajiwa kujitambulisha kwa wakuu wa serikali na wa elimu. Anayetaka kuchunguza wanyama wa porini, au kuchukua mimea na vijidudu kwa utafiti wa vinasaba, atahitaji vibali zaidi.

Watu wa sehemu zetu wangeongeza kibali kimoja ambacho hakiandikwi popote, nacho ni cha wazee. Anayepima silanga bila kuwaeleza wazee na kamati ya maji atadhaniwa kuwa anatafuta sababu ya kuifunga. Aliyezaliwa hapo ana bahati kubwa, kwa kuwa anajua lugha, koo na njia, na anajua ni lini watu huhama na mifugo. Kwa muda mrefu hofu ya usalama imewazuia watafiti wengi wa mbali kufika Mandera. Ndiyo sababu eneo hili linawahitaji sana watafiti wake wenyewe.

Kuna jambo jingine la maadili ambalo halina budi kutajwa. Je, mtafiti akigundua katikati ya kazi kwamba maji ya silanga fulani ni hatari, angoje miaka miwili mpaka tasnifu ipite? Hasha! Ni wajibu wake kuijulisha mara moja kamati ya maji na afisa wa afya ya umma.

KAZI YA UWANJANI

Sehemu hii ndiyo roho ya shahada yenyewe. Kwa swali letu la silanga, kupima mara moja hakutoshi. Lazima apime katika mvua za masika, ambazo Wasomali huziita gu, katika mvua za vuli ziitwazo deyr, na katika kiangazi cha katikati. Mvua zikikosekana, utafiti nao husimama. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mwishoni mwa 2023 mafuriko yakafagia barabara. Mwanafunzi ambaye ratiba yake haina nafasi ya mambo kama hayo hujikuta nyuma mwaka mzima bila kosa lake.

Kuna pia tatizo la maabara. Maji ya kupimwa vijidudu vya kinyesi huwekwa katika ubaridi na kupimwa haraka, na yasipitishe saa 24. Kutoka Takaba hadi Nairobi kwa gari si safari ya kuchezea. Sampuli ikifika imekwisha haribika, majibu yake hayana maana. Kwa hiyo hutumia maabara ndogo ya kubeba, ambamo sampuli huchujwa na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 44 kwa saa 18 hadi 24, kisha madoa ya vijidudu huhesabiwa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba mililita 100 za maji ya kunywa zisiwe na hata kijidudu kimoja cha aina ya E. coli. Vifaa hivyo na umeme wake, hata wa jua, ni lazima viwe katika bajeti tangu mwanzo.

KUANDIKA, KUCHAPISHA NA KUTETEA

Mwanafunzi huandika tasnifu, yaani kitabu cha utafiti wake, akieleza swali, mbinu, matokeo na maana yake. Vyuo vingi nchini humtaka pia achapishe makala yasiyopungua mawili katika majarida ya kitaaluma ambako wataalamu wengine hukagua kazi kabla haijapigwa chapa. Ukaguzi huo huweza kuchukua miezi mingi, kwa hiyo makala ya kwanza yapelekwe mapema, tasnifu ikiwa bado inaandikwa. Ajihadhari na majarida ya walaghai yanayodai pesa na kuahidi kuchapisha kwa siku tatu. Makala ya namna hiyo hukataliwa na chuo, na pesa hazirudi.

Akikaribia kumaliza hutoa taarifa ya kusudio la kuwasilisha tasnifu, kwa kawaida miezi kadhaa mbele. Tasnifu hupimwa kwa programu ya kompyuta ili kuona kama kuna wizi wa maandishi. Kisha hupelekwa kwa watahini wa ndani na angalau mmoja wa nje ya chuo. Wakishaisoma, mwanafunzi huitwa mbele ya jopo kuitetea kwa mdomo.

Siku hiyo huogopwa mno kuliko inavyostahili. Jopo linataka kujua mambo makuu mawili: kama kazi ni yake, na kama anaelewa mipaka yake. Anayeulizwa, "Mbona hukupima floridi na chumvi za visima?" si lazima ababaike. Aweza kujibu kuwa swali lake lilikuwa la vijidudu, na kwamba hilo la chumvi linahitaji utafiti mwingine. Jibu la aina hiyo linamjengea heshima. Jopo huweza kumpitisha, kumtaka arekebishe, kumtaka arudie sehemu, au kumkataa. Wengi hupita kwa masharti ya kurekebisha. Nakala za mwisho zikikabidhiwa na Seneti ikiidhinisha, ndipo huvaa joho.

MUDA NA GHARAMA

Muda wa chini kwa anayesoma wakati wote kwa kawaida ni miaka 3. Mzazi asipange kwa miaka hiyo mitatu tu. Wengi huchukua mitano, sita au zaidi, hasa wanaosoma huku wakifanya kazi, na wapo wanaoacha njiani. Mara nyingi haikosekani akili; hukosekana pesa za uwanjani, au msimamizi husafiri, au swali lilikuwa kubwa mno.

Kuhusu mifugo, ushauri wangu ni kwamba isiuzwe kabla ya milango mingine kubishwa. Kuna Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, shirika la Ujerumani la DAAD na ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Kuna pia miradi ya utafiti inayowalipia wanafunzi. Aulizie karo, na aulizie pia nani atalipia gari, vifaa na wasaidizi wa uwanjani, maana hapo ndipo fedha nyingi huenda.

AFYA YA MWANAFUNZI MWENYEWE

Kama daktari wa tiba siwezi kuacha jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Biotechnology, uliowahoji wanafunzi zaidi ya 2,000 wa shahada za juu katika nchi 26, uliona dalili za huzuni kuu na wasiwasi kwa kiwango cha zaidi ya mara sita kuliko kwa watu wa kawaida. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo huenda waliosumbuka walijibu zaidi. Hata hivyo onyo limo. Ukiona mtoto wako hapati usingizi, hali vizuri, amejitenga na hataki kuulizwa habari za masomo, usimwite mvivu. Mketishe, msikilize, na mpeleke akamwone daktari au mshauri.

Uwanjani azingatie haya:

- Anywe maji salama mara kwa mara, hata kabla ya kuhisi kiu. Mkojo wa rangi ya chai ni dalili kuwa maji mwilini yamepungua.

- Alale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na asiketi wala kulala karibu na vichuguu kuanzia magharibi hadi alfajiri.

- Asiguse mzoga wala mnyama aliyeharibu mimba bila glavu, hasa baada ya mvua kubwa.

- Homa inayozidi wiki mbili isitibiwe kwa vidonge vya dukani. Apimwe malaria na kalaazari pia.

- Asitoke peke yake, na mtu mjini ajue kila siku yuko wapi.

MATOKEO YARUDI NYUMBANI

Wangari Maathai alipata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia daraja hilo. Fani yake ilikuwa anatomia ya wanyama, na alipokwenda uwanjani kwa utafiti aliona jinsi ardhi ilivyokuwa ikichakaa. Mwaka 1977 alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Elimu aliyoipata chuoni haikubaki kabatini.

Hapo ndipo penye jibu la swali la tatu la mzazi wetu. Kila msimu wa mvua, hospitali za sehemu kame hupokea watoto wanaoharisha. Tunawapa maji ya chumvi na sukari, tunawatundikia dripu, wanapona, na wanarudi kunywa kutoka silanga ile ile. Daktari mwenye dripu hawezi kuukata mzunguko huo peke yake. Anahitaji mtu wa kumwambia kwa ushahidi kwamba ua na hori huzuia kiasi fulani cha vijidudu, au hauzuii kitu na pesa zitumike kwingine.

Kwa hiyo mzazi amwambie binti yake aandike jambo moja zaidi katika pendekezo lake: siku ya kurudi Takaba, kuwakusanya wazee, akina mama na kamati ya maji, na kuwasomea matokeo kwa Kisomali chepesi. Hakuna chuo kitakachomnyima shahada kwa kutofanya hivyo. Lakini watu waliomruhusu kupima maji yao wanayangoja majibu.